Isale kwa Wageni wa Nyota

Meru, Mei 1910

Kaka yangu Anaeli,

Nyota yenye mkia bado inaonekana alfajiri. Mwalimu alituuliza: watu wa huko juu wakishuka, tuwaonyeshe nini? Wenzangu walitaja kengele ya kanisa na mifereji yetu. Mimi nilitaja isale, jani ambalo ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe.

"Wageni wametoka mbali hivyo, Susana, nawe unawapa jani?" mwenzangu Marta akanitania.

Jana nilimpelekea baba isale kwa niaba yako, kwa kuwa ulimpiga kabla ya kukimbilia Tanga. Hakulipokea mkononi. Aliwatupia mbuzi, akasema, "Mwanangu huyo nilishamzika."

Usirudi, kaka. Darasani nilisema isale haikataliwi, kama jambo la hakika. Leo sijui tena sisi ni watu gani.

Mdogo wako anayekulilia,
Susana