Maji Yamerudi Kwao

Bengaluru,
Jumatano asubuhi

Akka, dada yangu mpendwa Girijamma,

Nakugusa miguu kwa heshima, ingawa niko mbali, nikitumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, magoti yametulia na miwa imesimama vizuri. Vipi kifua cha shemeji? Bado anaficha tumbaku kwenye debe la ulezi? Mimi ni mzima wa mwili. Hilo lishike kwanza, usije ukaanza kulia kabla hujafika katikati.

Hukunipata kwa sababu simu imezimika na umeme hakuna. Mvua ilianza Jumapili, tukiwa ndio kwanza tumemaliza kula cha mchana, na kwa saa mbili tu barabara ikawa mto. Nakuandikia dirishani, ghorofa ya tatu. Chini yangu maji yamefunika magari hadi mapaa. Hayaendi popote, Akka. Mji mzima tumeusakafia, hata tone halina pa kuzama, na mitaro imeshiba mifuko na vifusi. Yamesimama tu, meusi, yananuka choo. Mlango wa kutokea hatuna, na maji ya kunywa pia hatuna. Tunakinga mvua kwa masufuria.

Unamkumbuka Muniyappa, mlinzi wetu? Yule aliyekubebea nazi ulipokuja sikukuu ya mwaka mpya, akagoma kupanda lifti akisema hajafika umri wa kuingia kwenye sanduku. Alikuwa mzaliwa wa hapa hapa. Baba yake ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga malango ya ziwa lililokuwa mahali hapa, akiwagawia watu maji ya mashamba. Muniyappa alikuwa akitueleza kwamba ziwa la juu likijaa lilimwagia la chini kwa mfereji, nalo likamwagia lililofuata, mpaka mtoni. Kila masika yakianza alitutania: “Mmelala kitanda cha mwenyewe. Siku akirudi, atawaambia sogeeni.” Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumapili alasiri maji yalianza kuingia maegesho ya chini ya ardhi. Watu wakajazana kwenye ngazi wakipiga kelele, huyu akimwita Muniyappa aokoe gari, yule akimtaka awashe pampu. Mkewe, Rathnamma, ambaye hufagia ngazi zetu, alimshika shati akamwambia asishuke, magari hayana watoto wa kuyalilia. Akamjibu kwamba anakwenda na kurudi, akashuka. Ukuta wa nyuma, ule uliojengwa kukata njia ya maji, ukaanguka wote kwa mara moja. Tulisikia kishindo kama lori linamwaga kokoto, maji yakajaza maegesho yote.

Vijana wawili walimtoa Jumatatu kwa kamba. Tangu hapo amelala kwenye ngazi ya ghorofa ya kwanza, ndani ya shuka langu, hajapata moto wake wa mazishi. Jana ulipita mtumbwi wa mpira, ukachukua mjamzito na watoto. Waokoaji wakasema walio hai kwanza, wafu watarudiwa. Rathnamma alicheka kicheko kibaya akasema, “Kumbe hata kufa kwetu kuna foleni.”

Jana hiyo hiyo nilimsongea ugali wa ulezi. Unajua mikono yangu, ulitoka na madonge. Hakuugusa. Nikakaa ngazi ya pili yake, maana hakuna mahali pengine pa kukaa, na hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kunyamaza. Yale niliyomwambia yeye, na wewe inakubidi uyasikie kutoka kwangu.

Miaka kumi na moja iliyopita mimi ndiye niliyepima kiwanja hiki. Mfereji ulikuwepo, Akka. Nilitembea ndani yake, upana wake hatua thelathini, una matope na vyura. Mkubwa wangu wa ofisi ya upimaji alinipigapiga begani akasema, “Kempayya, usitufanye wajinga kwa mtaro wa babu zetu. Andika njia ya ng'ombe.” Nikaandika njia ya ng'ombe. Juu ya njia ya ng'ombe inaruhusiwa kujenga nyumba, juu ya mfereji hairuhusiwi. Ndiyo sababu nyumba hii nilipewa na wajenzi kama zawadi, na wewe ukawagawia kijiji kizima peremende kwa furaha. Na nilipoulizwa nataka ghorofa gani, nilichagua ya tatu. Wote walidhani napenda upepo.

Rathnamma alinisikiliza bila kugeuza uso. Kisha akaniuliza neno moja tu: “Ulijua?”

Nikasema nilijua.

Nilianza kumwomba msamaha, akanyanyua mkono. “Usiniombe hapa, bwana mkubwa, kwenye ngazi, nisipoweza hata kuinuka nikaondoka zangu. Ukishuka, ukaseme hayo mbele ya watu wanaoandika, polisi na wa magazeti. Halafu mimi nitaona.”

Nimekubali. Kopi ya ramani ya zamani, yenye mfereji, ninayo. Miaka yote hii nimeificha chini ya godoro. Nimeivingirisha kwenye nailoni. Nasikia filimbi ya mtumbwi mtaa wa pili, na safari hii wamesema watamchukua marehemu. Rathnamma anataka nipande mtumbwi huo huo, nikae naye, nimshike mumewe kichwa asigongwe-gongwe. Siku tatu nimeomba kutoka humu, na sasa natamani mtumbwi usifike.

Mwambie mwanao Nanjunda asiichukue ile nyumba ya chini mtaa wa pili. Awaambie wauzaji lolote, hata kwamba mjomba wake kapata wazimu. Ramani ya kule pia niliichora mimi.

Msalimie shemeji, umfiche hili mpaka kikohozi kipungue. Wasalimie majirani wote waliokula zile peremende. Na ukisikia jina langu redioni, usiizime. Sikiliza mpaka mwisho, kisha uamue kama bado una mdogo wako.

Ni mimi, uliyenilea mgongoni,
Kempayya