Mjane Kapanda Farasi

Gerezani, Dar es Salaam
3 Desemba

Dada yangu mpendwa Euphrasia,

Shikamoo, dada. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Ndanda, na goti lako limepata nafuu tangu mvua zianze. Shemeji hajambo? Na wajukuu je, wameshafunga shule? Mimi huku ni mzima wa afya kabisa, tena safari hii uzima huo ndio nilioshitakiwa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inashikwa na nyumba nzima, na nikituma sauti, mkamwana wako huisikiliza kabla yako. Barua nimempa konda wa basi, nimeifungia ndani ya kanga. Isome peke yako, usimpe mtoto akusomee. Mwishoni kuna neno linalokuhusu wewe tu.

Najua umeshaambiwa. Mdogo wetu Shukuru hana dogo. Alinipiga picha nikiwa juu ya farasi, nimevaa suruali na mabuti ya marehemu mume wangu Beno, akaitupa kwenye kundi la ukoo na maneno chini yake: mjane kapanda farasi. Najua pia kikao kimeamua kwamba msiba umenivuruga akili, na kwamba wewe, mkubwa wetu, ndiye wa kusema neno la mwisho: ama uje Krismasi unifungashie virago unirudishe nyumbani, ama niachwe na mambo yangu. Basi kabla hujasema neno hilo, nisikilize na mimi.

Tulipomzika Beno mwezi wa kwanza, wewe mwenyewe uliona alichoniachia. Mtoto Mungu hakutujalia. Nilibaki na chumba, na banda langu la kushonea viti vya magari, na mbwa. Mbwa mwenyewe ni yule ambaye Beno alikuwa akilinda naye bohari la spea usiku, anaitwa Mjumbe. Tajiri alileta walinzi wapya na kamera, mbwa akawa hana kazi. Akaja mwenyewe bandani kwangu, akalala chini ya cherehani, akagoma kuondoka. Mjumbe wetu wa shina alinijia juu, akasema nimemtukana kwa kumwita mbwa cheo chake. Nikamwambia jina alimpa marehemu, na alimpa kwa heshima, kwa sababu na huyu naye anajua habari za kila nyumba. Hajanisalimia hadi leo.

Mwezi wa pili presha ilinipanda, nikaambiwa kliniki nitembee kila siku. Nikawa natoka na Mjumbe saa kumi na mbili asubuhi mpaka Mnazi Mmoja, tunazunguka, tunarudi kazini. Kutembea kulituchosha wote wawili. Siku moja Mjumbe akatimua mbio, nami kamba iko mkononi, nikatimua nyuma yake, na aliposimama mimi sikusimama. Wauza kahawa walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Wakaniuliza nani ananifukuza, nikawaambia ni miaka hamsini na tatu. Kesho yake nilikimbia tena, na keshokutwa, mpaka wakachoka kucheka.

Hapo Mnazi Mmoja ndipo nilipojuana na Geeta. Yeye na mumewe Umakant wana duka la vitambaa Kariakoo. Mimi nimenunua nyuzi kwao miaka mingi bila kujua zaidi ya mkono wake pale kaunta. Kwa mila yao, chapati ya mwisho inayopikwa ni ya mbwa. Basi kila asubuhi huja nayo imefungwa kwenye gazeti, na Mjumbe alikuwa mteja wake zamani kuliko mimi. Naye ana sukari, naye aliambiwa atembee. Mimi nilimwambia aache kutembea kama anayesindikiza mgeni. Akavua kandambili, akanunua raba, na kufika Pasaka tulikuwa tunakimbia pamoja, watu watatu ukimhesabu mbwa.

Masika yalipokolea, uwanja ukajaa maji, Geeta akaniletea bandani tandiko la farasi lililooza kwa unyevu. Umakant ana farasi jike anaitwa Rani, amemweka Pugu kwa mtu anayefuga. Alikuwa akimpanda kila Jumapili mpaka mgongo ulipomshinda, na sasa Rani alikuwa anakula na kunenepa tu. Geeta akauliza kama ninaweza kulishona. Nilimwambia nimeshona viti vya malori ya mizigo, kiti cha mnyama kitanishinda nini? Lakini kiti lazima kijaribiwe. Tukaenda Pugu na kirikuu yao ile ya kubebea majora ya vitambaa, Mjumbe kasimama nyuma kama askari. Abdulrazak, anayewatunza farasi wale, aliniambia kwamba tandiko halijui macho, linajua makalio, na kwamba fundi aliyelishona ndiye wa kulikalia kwanza. Nikapanda. Dada, sitakudanganya kwamba niliogopa. Nilicheka, nikacheka mpaka Geeta akashika hatamu akidhani nitaanguka. Tangu Beno afe sikuwa nimecheka hivyo, na nilifurahi, na sioni haya kulisema.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Siku za kazi nakimbia asubuhi, nashona mchana. Jumapili nahudhuria misa ya kwanza, halafu Pugu. Usidhani ilikuwa rahisi. Wakati wa kipupwe, pale farasi na njia za vilimani zilipokuwa tamu kuliko mwezi wowote, Mjumbe akapata homa ya kupe. Wiki tatu sikukimbia wala sikupanda, nilimlisha uji kwa kijiko, na niliporudi Rani alinigeuzia makalio kama mke aliyekasirika. Ilipokuja Septemba, kazi za viti zikanifunika, mbwa na mbio nikavimudu, farasi nikamkosa. Kila nilipokamata kimoja, kingine kilinidai. Baba mdogo akanipigia simu kutoka Masasi kunikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimeshika tatu, tena mjane. Nikamjibu kwamba aliyetunga methali ile hakuwahi kumwona mwanamke ana mtoto mgongoni, ndoo kichwani na jembe mkononi. Akakata simu.

Halafu yule mfugaji wa Pugu akatangaza mbio za kupokezana farasi. Ni hivi: watu wawili, farasi mmoja, kilomita ishirini za vilima. Mmoja anaanza juu ya farasi, mwingine kwa miguu. Wa farasi akifika mbele, anamfunga mtini na kuendelea kwa miguu. Wa nyuma akifika, anamfungua, anapanda, anampita mwenzake, naye anamfunga mbele. Mnapokezana hivyo mpaka mwisho. Nilipoelezwa, nilimtazama Geeta, naye akanitazama, kwa sababu ni kama mtu alikuwa ametuchungulia mwaka mzima. Tatizo likawa Rani. Huyo hakubali kufungwa peke yake. Alikata kamba mbili siku ya mazoezi. Aliyetuokoa ni Mjumbe. Akikaa miguuni pake, Rani anasimama tuli kama yuko kanisani. Basi vile vitu vitatu mlivyosema havishikiki pamoja vikawa kitu kimoja, na kimoja kikitoka, vingine haviendi.

Shukuru akaniambia wazee wanakuja kwangu Jumamosi ile ile ya mbio. Nilimwambia wazi kwamba Jumamosi sitakuwepo, waje Jumapili jioni. Akawaleta Jumamosi, akijua. Dada, mimi ninamfahamu Shukuru. Huruma yake ina macho, na macho yenyewe yako kwenye banda langu na cherehani yangu. Mwezi wa nne alishaniuliza nikirudi kijijini nani ataliendesha.

Nikaenda Pugu. Tulikuwa jozi nane. Geeta alianza juu ya farasi, amejifunga sari yake kiunoni juu ya suruali, na mwanawe Keyur, ambaye wiki nzima alikuwa amemwambia mama yake kwamba anawaaibisha, alisimama pembeni ameshika chupa zetu za maji. Jozi mbili zilimaliza siku zikiwafukuza farasi wao waliofunguka. Sisi tulikuwa wa tano, na sisi ndio wakubwa kwa umri kuliko wote. Kwenye kilima cha mwisho zamu ya miguu ilikuwa yangu. Mapafu yanawaka, matope mpaka magotini. Juu pale walikuwa wamesimama wasichana wa shule na sare zao, wakaanza kunipigia makofi wakisema kimbia, mama, kimbia. Nikaanza kulia huku nakimbia. Geeta alidhani nimeumia. Sikumwambia kwa nini, lakini wewe nitakuambia.

Nilifika nyumbani saa kumi jioni nanuka farasi. Baba wadogo wawili na Shukuru walikuwa wamekaa kwenye benchi mlangoni tangu saa nne asubuhi. Niliwaamkia kwa magoti, nikawapikia, nikawasikiliza. Walisema mjane wa rika langu hukaa akatulia. Walisema mbwa, farasi na suruali ni dalili. Nilipouliza dalili ya nini, wakarudia kwamba ni dalili. Niliwaambia kwamba presha yangu imeshuka, kodi nimelipa, misa sikosi, na kama huo ni wazimu basi wautafutie dawa kwingine. Ndipo wakasema watamwachia Euphrasia aamue. Hapo, dada, niliinuka nikakusanya sahani. Wangemtaja yeyote mwingine ningemkabili bila kupepesa jicho.

Sasa nisome taratibu. Mwaka themanini na tatu, ulipokuwa darasa la saba, ulichaguliwa kwenda Mtwara kukimbia mita mia nne. Wilaya nzima haikuwa na msichana wa kukushika. Baba ulimwambia unakwenda mafungo na masista, na bukta ukaificha chini ya kapu la muhogo mkavu. Baba akakusubiri njia panda. Lori lilipopunguza mwendo akalisimamisha, akakushika mkono, akakuteremsha mbele ya wenzako wote, na lori likaondoka. Shule ikaishia pale. Mwaka uliofuata ukaolewa. Na miaka yote hii umeamini kwamba aliyekusemea ni katekista Benedict, kwa sababu yeye ndiye aliyejua hakuna mafungo. Hukumwamkia tena. Alipokufa hukwenda kumzika, na mkewe mpaka leo hajui mumewe alikukosea nini.

Katekista hakusema. Ni mimi, dada. Mimi nilimwonyesha baba ile bukta. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyenituma wala aliyenipa kitu. Nilikuwa nimechoka. Kisimani, shuleni, kanisani, sikuwa na jina. Nilikuwa mdogo wake Euphrasia. Nilitaka siku moja tu usishinde. Nilidhani baba atakukataza safari ile, basi. Sikujua atakukatia maisha. Uliporudi nyumbani unalia, mimi ndiye niliyekuletea maji ya kunawa uso, na ulinishukuru. Nimeishi na shukrani hiyo miaka arobaini na zaidi, na inanichoma.

Ndiyo sababu nililia kilimani. Makofi yale yalikuwa yako.

Sikuandikii haya ili unionee huruma, wala sijanywea. Mambo yangu sitayaacha. Kama ningeyaacha kwa kuwa nilikukosea, ingekuwa wanawake wawili wameteremshwa badala ya mmoja, na mimi nimewateremsha wote. Krismasi nitakuja Ndanda. Nitakuja kwa nauli yangu, sitaletwa. Nitakwenda kwa mjane wa katekista Benedict, wewe ukiwepo, nimwambie ukweli wote, na kama mtataka niuseme tena mbele ya watu baada ya misa nitausema. Tarehe mbili Januari nitarudi Gerezani kwa sababu nina viti vya watu.

Neno la mwisho lipo mdomoni mwako, na sasa unalo la kuniadhibu. Ukitaka kunipiga, nipige. Ukitaka kuninunia kama ulivyomnunia Benedict, ninunie mpaka kaburini, nimestahili. Lakini mimi nimeshapanda lori, dada. Usiniteremshe.

Nisalimie shemeji, wajukuu na wote wanaoniuliza kwa wema. Geeta anakuamkia, na hiyo kanga iliyofunika barua ni zawadi yake kwako. Mungu akulinde, na goti nalo lipate dawa.

Ni mimi mdogo wako,

Matilda