Rabiata Anakimbia Sana

Hell-Ville, Nosy Be
3 Agosti 1988

Mama yangu mdogo mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, na Shangazi Sittina na nyumba yake yote ni wazima. Mgongo wako vipi? Na cherehani, bado inaugua au fundi ameitibu? Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja, kama tulivyozoea tangu siku zetu za shule kule. Hapa kila mtu anasoma Kifaransa, na Chamsia, binti wa Shangazi, hawezi kuona karatasi bila kuiinamia.

Likizo ni njema. Boti kutoka bandari ya Antsahampano ilirukaruka kama mbuzi nikatapika mbele za watu, lakini niliposhuka harufu ya mlangilangi ilinijaa puani nikasahau aibu yote. Chamsia anaolewa mwisho wa mwezi, nyumba imejaa vitambaa na vicheko. Ofisini niliaga kwamba nakwenda pwani ya Antsanitia, lakini hilo ni jambo dogo.

Jambo kubwa ni hili: naandika kitabu. Usicheke. Ni hadithi ya kusisimua. Kuna karani wa bandarini, Rabiata, ameachwa na mumewe na eda imekwisha, lakini yule bwana hataki kuachika yeye. Kila asubuhi hukaa mbele ya ofisi akimenya chungwa bila ganda kukatika, kisha hulitundika ganda kwenye kitasa cha mlango, ili Rabiata aliondoe kwa mkono wake. Humwambia, “Hata wakufunike gunia kati ya wanawake elfu, mimi nitakujua.” Rabiata anachukua likizo na kukimbilia kisiwani. Nakutumia sura ya kwanza. Niambie kweli, inatisha? Na ungekuwa wewe, ungemtoroshaje?

Nisamehe kwa hati mbaya. Naandikia magotini, kitandani. Kiti cha chumba hiki kina kazi nyingine.

Mwanao,
Hayrat


Mahabibo, Mahajanga
11 Agosti 1988

Binti yangu Hayrat,

Waalaykum salaam na zaidi. Mgongo upo mahali pake, unauma kwa zamu. Cherehani imepona, anayeugua sasa ni fundi, maana nilimsimamia kutwa nzima.

Sura yako nimewasomea wateja wangu, nikiwafasiria Kingazija sentensi kwa sentensi. Zaïnabou wa nyumba ya pili alijichoma sindano. Lakini tuna malalamiko. Rabiata anakimbia sana. Nilipofika ukurasa wa tatu miguu yangu ilikuwa imechoka. Halafu hali chakula. Kurasa zote hizo hajatia kitu mdomoni! Mpe wali wa nazi na achari ya maembe, tutamwamini. Na mbona amefika kwa jamaa zake kisiwani asimwambie mtu neno? Wenyeji wake wanaishi mwezini?

Na huyo bwana hanitishi hata kidogo. Mwanamume anayemenya machungwa! Zoubeir alikumenyea chungwa siku ya harusi yenu, ganda zima bila kukatika, ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Tena kwa kuwa nimemtaja: alikuja Ijumaa, shati jeupe, ananiita mama kama zamani. Alikutafuta Antsanitia hakukuona. Nikamwambia uko Hell-Ville kwa Sittina, akanibusu mkono. Najua alikuacha kwa hasira, lakini hasira ni moto wa makuti. Nani ajuaye? Harusi huzaa harusi.

Kiti kina kazi gani?

Mama yako mdogo,
Kouraichia


Hell-Ville
18 Agosti 1988

Mama mdogo,

Salamu. Sijambo. Hapana, nina jambo.

Kiti kinauegemea mlango, chini ya kitasa, tangu siku niliyofika.

Rabiata ni mimi. Machungwa ni ya kweli na maganda ni ya kweli. Tangu eda yangu iishe, Zoubeir hajaniacha hata siku moja nipumue. Aliniambia, “Usiporudi kwangu, hutakwenda kwa mwingine, wala hutarudi kwenu.” Alisema polepole, akitabasamu, akinipa kipande cha chungwa.

Sikukwambia kwa sababu ulinifunza kwamba mambo ya chumbani husitiriwa. Nilisitiri mpaka nikajifunika mwenyewe. Nikaandika hadithi, nione kama mtu mwingine akiisikia ataogopa. Wewe ulicheka, nikadhani labda mwenye wazimu ni mimi.

Hapa hakuna anayejua. Bwana Mouhamadi, mume wa Shangazi, hakosi kupokea mashua wala boti gatini. Akimwona Zoubeir atamkumbatia kama mkwe, atamlisha, kisha atamleta mpaka mlangoni pangu kwa heshima zote. Ni adabu yetu itakayonimaliza.

Nifanyeje?

Hayrat


Mahajanga
22 Agosti 1988

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Nimekosa. Nilimwonyesha njia kwa mkono wangu, na biskuti nikampa juu yake.

Zoubeir ameondoka leo alfajiri kwa gari, barabara ni ndefu. Barua hii nampa Allaoui wa uwanja wa ndege wa Amborovy aipandishe kwenye ndege ya mchana. Itamtangulia, inshallah.

Nisikilize. Nilikufunza kusitiri aibu yako, sikukufunza kusitiri ubaya wa mtu. Weka karatasi hii chini. Nenda jikoni kwa Sittina, umwambie yote mbele ya wanawake wote, hata kama mikono yao imo katika unga. Wakuulize, uwajibu. Wakilia, walie.

Na Rabiata asikimbie tena. Kisiwa ni kidogo. Anayekimbia kisiwani hufika baharini.

Nitumie neno. Sitashona kitu mpaka nilipate.

Mama yako


Hell-Ville
2 Septemba 1988

Mama yangu mdogo mpenzi sana,

Assalaam alaykum, na mgongo wako nao nausalimu! Shona sasa, shona magauni kumi! Mimi ni mzima, mzima kabisa, na nimekula wali wa nazi mpaka vifungo vimelalamika.

Nilikwenda jikoni kama ulivyosema. Nilidhani watanyamaza. Shangazi Sittina alipigapiga mikono kuondoa unga, akasema, “Na mimi nilidhani hupendi chakula changu!” Kisha akanikumbatia, nguo zangu zikawa nyeupe. Chamsia, bibi harusi mwenyewe, akauliza kama yule bwana anaogelea.

Zoubeir alifika siku ile ile ya ngoma ya wanawake. Gatini Bwana Mouhamadi alikuwepo, lakini hakumkumbatia mtu. Zoubeir akamwamkia, “Baba mkwe.” Akajibiwa, “Mimi naona abiria tu hapa.” Wakati watu wanashusha mizigo akapenya sokoni, akauliza nyumba yenye harusi, na watoto wakamwonyesha.

Sisi tulikuwa uani, wanawake watupu. Unajua sare za hapa: doti moja kwa wote, nyekundu yenye korosho, na nyuso zote zimepakwa liwa, ile ya manjano wanayoiita masonjoany. Mimi pia. Matari yalikuwa yanalia. Ghafla yakakatika. Alikuwa amesimama katikati yetu, shati jeupe, chungwa mkononi.

“Nani huyu anayeingia kwa wanawake hata hodi hana?” akasema Shangazi. Alikuwa ameshika upawa.

“Mimi mume wa Hayrat.”

“Hayrat hana mume. Ana talaka yako.”

“Aje aseme mwenyewe.”

Hapo bibi mmoja, mama yake Bwana Mouhamadi, asiye na jino hata moja, akajikongoja mbele. “Hayrat ndiye mimi. Umenisahau, mume wangu? Nilikuwa na meno wakati ule.”

Mama, uani palilipuka kwa vicheko. Mwingine akasema, “Mwongo huyo, Hayrat ni mimi!” Mwingine, mjamzito wa miezi minane, “Ni mimi, na mtoto anakusalimu!” Zoubeir hakucheka. Alianza kupita uso kwa uso. Nilitaka kukimbia, nikakumbuka uliyoniandikia, nikabaki.

Akafika kwangu. Akasimama karibu hata nikasikia harufu ya ganda la chungwa. Akanitazama machoni. Kisha akaniuliza mimi, “Na wewe, umemwona Hayrat?”

Aliniuliza mimi habari zangu!

Nikamjibu, kwa sauti yangu hii hii, “Hayrat ni mimi.”

Akafyonya, akaenda kwa jirani yangu.

Kicheko kilinianzia tumboni. Nilijaribu kukizuia, liwa ikapasuka mashavuni, ikaanza kudondoka vipande vipande. Mwaka mzima nimemwogopa mtu aliyeapa kunijua ndani ya gunia, kumbe hanijui hata niko mbele yake! Nikacheka mpaka nikachuchumaa. Hapo aligeuka, akanijua kwa kicheko au kwa mashavu, sijui. Akapiga hatua moja. Upawa wa Shangazi ukaja kifuani pake, na nyuma ya upawa wanawake wote.

Langoni wakafika Bwana Mouhamadi na wazee wa msikiti. Kuingia kwenye ngoma ya wanawake ni fedheha ambayo hapa hakuna mzee anayeifumbia macho, hata kwa mkwe. Wakamuuliza palepale, “Ulimwacha?” Akasema ndiyo. “Eda imekwisha?” Ndiyo. “Basi umefuata nini?” Chungwa likamponyoka. Chamsia akaliokota, akalimenya vibaya vibaya, akatugawia.

Walimpeleka kwa askari, wale gendarme, nami nikaenda kusema yote, Shangazi ubavuni na liwa bado usoni. Kisha wakampandisha boti.

Nakutumia sura ya mwisho. Mimi nilidhani kitabu cha namna hii lazima kiishe kwa damu.

Mwanao anayekupenda,
Hayrat


Mahabibo, Mahajanga
11 Septemba 1988

Hayrat wangu,

Waalaykum salaam. Mgongo ulipona siku niliyosoma barua yako, ukarudi kuuma kesho yake kwa kucheza ngoma peke yangu.

Habari za Hell-Ville zilifika hapa kabla ya Zoubeir mwenyewe. Kaka yake, Athoumani, alikuja kwangu ameinamisha kichwa, nami sikumpa biskuti. Amempeleka Moroni kwa mjomba wao, mtu mkali, mwenye duka na macho. Nilikwenda bandarini kuhakikisha. Sikuondoka mpaka ngazi ikapandishwa na meli ikawa ndogo kama kifungo. Akirudi, mtaa wote unajua, na msikiti wote. Si siri yako tena kuibeba.

Sura ya mwisho tumeisoma. Wateja wanasema haiaminiki, kwamba mume hawezi kukosa kumjua mke aliyelala naye. Wameolewa wote. Lakini baada ya kusema hivyo kila mmoja akainamia uzi wake.

Rabiata sasa anatembea vizuri. Nimempenda. Mkuu wako wa ofisi ameuliza unarudi lini.

Mama yako mdogo,
Kouraichia


Hell-Ville
18 Septemba 1988

Mama mdogo,

Salamu kwako, kwa Zaïnabou na kidole chake, na kwa wateja wote. Sote hapa wazima.

Narudi Jumamosi. Mwambie mkuu wa ofisi. Usije kunipokea na kundi la watu, njia ya nyumbani naijua, nami nitapita ile ya kawaida, mbele ya ofisi.

Utaona hati yangu leo imenyooka. Kiti nimekitoa mlangoni, na ndicho nilichokalia.

Mwanao,
Hayrat