Kitambaa cha Maua Juu ya Mashine ya Hewa

Kampala

Mama yangu,

Amani ya Mungu ikukute na chai yako ya asubuhi. Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka, basi unisamehe maneno yakitoka makali. Kifua cha Zaituni kimetulia? Dada alinipigia akilia kwamba pampu ya mtoto ya pumu imekwisha, na kituo cha afya kinawaambia msubiri. Msubiri nini, na kifua kinalia kama filimbi?

Kazi yetu hapa unaijua: tumetundika mashine za kupima hewa nchi nzima, na ya Koboko iko ukutani kwako, kando ya barabara. Miji yenye hewa mbaya ndiyo itakayopelekewa dawa za kifua na daktari wake. Juzi majibu yakasomwa mkutanoni. Arua imo kati ya miji itakayopata dawa. Koboko ikatajwa ya kwanza kwa hewa safi. Mkubwa wetu akanigeukia akicheka, "Kwenu mnapumua kama peponi." Koboko, Mama, yenye malori ya Kongo na Sudani, vumbi jekundu na moshi wa matanuru ya matofali. Nikamwambia si kweli. Akasema mashine haidanganyi.

Nikang'ang'ania mpaka fundi akatumwa kukagua, akaleta picha. Mashine imevaa kitambaa chako cha maua ulichodarizi mwenyewe, kimekazwa kwa lastiki kama kile cha televisheni. Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilitaka kupindua meza.

Nilipokupigia ukasema, "Ule kijana aliniambia, Mama, chunga hii mashine muzuri. Sasa mimi naacha vumbi inaingia ndani? Watu watasema nini?" Nyumba gani ya sisi Wanubi inaacha kitu cha thamani bila kukifunika? Wewe sikulaumu hata kidogo. Nawakasirikia wao: yule aliyepanda ngazi, akakaza skrubu, akashuka bila kukueleza kwamba kazi ya mashine ni kuvuta hilo vumbi, na hawa waliosoma hewa safi mwezi baada ya mwezi, wasiulize.

Nilidhani watarekebisha. Mkubwa akasema ripoti imeshakwenda, Koboko ingoje mwaka ujao. Nikamwambia mbele ya wote kwamba mpwa wangu hana kifua cha kungojea mwaka ujao, na kwamba ripoti ya uongo nitaipinga mpaka wilayani. Akaniambia niifikirie kazi yangu. Nimeifikiria, na barua ya wilayani nimeshaituma.

Dereva wa basi atakukabidhi pampu mpya pamoja na barua hii. Nisalimie Dada, Mjomba wa bucha, na shangazi yetu wa Arua.

Kitambaa kivue leo, Mama. Najua utaona aibu mashine ya watu ikichafuka mbele ya wageni. Iache ichafuke. Vumbi hilo hilo Zaituni analivuta kila siku, na yeye hakuna aliyemfunika.

Mwanao,
Juma