Kidonge Ulichokataa Kukimeza

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Baba, na nyumba bado haijazoea. Mlango ukigongwa jioni, mmoja wetu husema "Huyo!", halafu tunakumbuka.

Ulikuwa mtengeneza vidonge. Mtu akidhani ni kazi ya kuminya unga tu mpaka ushikane, ulikuwa humwachii mpaka aelewe. Ulichukua glasi, ukatia maji ya uvuguvugu kama ya tumboni, ukadondosha kidonge na kusema, "Tazama." Wageni waliokuja kunywa chai walijikuta wanakodolea macho kidonge, na chai ikapoa. Kazini walikuita Mzee Yeyuka, na jina hilo ulilipenda kuliko cheo chako.

"Kumeza si kupona," ulizoea kutuambia. "Mpaka damu ipokee." Zipo dawa nzuri sana, ulisema, ila hazipatani na maji. Zinaingia tumboni ngumu kama mchanga na kutoka vilevile, mgonjwa akabaki na ugonjwa wake. Dawa uliyohangaika nayo miaka yako ya mwisho ilikuwa ya aina hiyo. Isipomezwa pamoja na chakula chenye mafuta, sehemu kubwa hupita bure. Na mwenye ugonjwa ule ndiye hasa asiyeweza kula.

Uliyajua hayo vizuri, kwa sababu mgonjwa mmojawapo ulikuwa wewe.

Uliiyeyusha dawa ile pamoja na kitu cha kunata, ukaipuliza kama ukungu kwenye hewa ya moto, ikauke kabla haijapata nafasi ya kujipanga upya kuwa chembe ngumu. Unga wake ukiminywa kuwa kidonge uliyeyuka vizuri mno. Adui yake alikuwa unyevu. Vidonge vya kwanza vilikaa kabatini miezi michache tu, vikarudia ugumu wao wa zamani. Siku hiyo uliingia nyumbani ukakaa bila kuvua viatu. Kesho yake ukaanza upya, maana hukuwa mtu wa kususa.

Vya pili viliwekwa kwenye kabati la joto na unyevu, vikae humo mwaka mzima ili ionekane kama vitastahimili. Wiki chache baadaye ukashindwa kuinuka kitandani.

Hapo ndipo Mama alipokuja juu. Kila mlo alikubembeleza kwa maziwa mazito, kijiko kwa kijiko, ili dawa ya zamani ifanye kazi. Ulijitahidi, ukatapika, ukamwomba radhi. Siku moja akaweka kijiko chini.

"Vile vidonge vyako si vinamezwa bila chakula? Waambie wakuletee."

"Havijapita mtihani, Mama watoto."

"Lakini si wewe mwenyewe uliyevitengeneza?"

"Ndiyo maana siwezi. Nikimeza mimi leo, kesho nitamkataza nani?"

Dada yako akatikisa kichwa. "Kweli mganga hajigangi."

Ulicheka kidogo. Mama hakucheka. Siku zilizobaki alikuhudumia kwa kila kitu isipokuwa maneno. Tulidhani mtapatana, kama mlivyopatana mara zote. Hamkuwahi.

Wiki iliyopita alikuja yule binti wa maabara uliyemfundisha kazi. Alikaa ukingoni mwa kiti, hata maji hakuyagusa. Akatuambia vidonge vimetolewa kabatini na kupimwa, na vimeyeyuka kama siku ya kwanza. Sasa vitaanza kujaribiwa kwa wagonjwa watakaokubali. Tulifurahi, Baba, na tulilia, yote kwa pamoja.

Mama ndiye aliyeuliza. "Alijua kwamba vitakaa?"

"Hakujua, mama. Alitumaini tu. Aliniambia vikiharibika, nianze upya bila yeye."

Hatujui kama kidonge kile kingekubakiza nasi, na hakuna daktari awezaye kutuambia. Pengine kingekupa miezi. Pengine siku chache tu za kupumzika bila kijiko cha maziwa. Jambo hili linatuuma, na hatutaki kulificha.

Mgeni alipoondoka, Mama alitafuta miwani yake, akatuita mezani. Akataka tuandike kumbukumbu hii, na maneno yake tuyaweke kama alivyoyasema: "Mwambieni bado naona angemeza. Mwambieni nilinyamaza kwa hofu, si kwa chuki. Na mwambieni nimeanza kuongea naye tena."

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, wakwe zako, dada yako, ambaye utani wake sasa hauna wa kuujibu, wajukuu zako, akiwemo yule mdogo ambaye hukumwona, na wenzako wote wa kiwandani.

Daima u wetu, Baba, na daima tutakutaja.