Filamu za mwaka huu, na ile ya farasi

Jumatano, saa kumi jioni. Tangu asubuhi mawingu yamelala juu ya migomba, na mvua haijanyesha.

Niliahidi hapa kwenye ukurasa wangu kuandika maoni yangu kuhusu filamu nilizotazama mwaka huu. Naandika sasa kwa sababu nikiacha, nitabaki kuitazama simu. Majina ya watu wote nimeyabadilisha.

Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo hapa Ngara. Huu ni mwaka wangu wa kwanza na bado sijathibitishwa kazini. Jumamosi mchana mimi huenda kwenye banda la video la senta yetu, pale penye maduka. Kuna mabenchi, runinga moja, na kando ya runinga hukaa mtafsiri na maiki yake. Tunamwita Redio. Yeye hupunguza sauti ya filamu, kisha anasema mwenyewe kwa niaba ya wote: bwana harusi, jambazi, bibi kizee, hata mbwa. Pale filamu inapopooza, anaijaza mambo ya kwetu.

"Huyu baba mkwe hajui," alisema siku moja katika filamu ya Kihindi, "kuku aliyechinjiwa ametoka bandani kwake mwenyewe. Kula baba, kula."

Filamu hiyo ilikuwa ndefu mno. Naipa sifa kwa ajili ya kuku tu, na kuku hakuwemo.

Ile ya kwetu ya kugombea urithi ilinikera. Hakimu anagonga meza kwa nyundo kila baada ya sentensi mbili. Sijawahi kuona nyundo mahakamani. Na hukumu inatolewa siku ileile, bila mtu kuichapa. Nani aliichapa? Watengeneza filamu hawatujui makarani.

Ya Kikorea, ya daktari aliyekosea upasuaji akaficha, niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza kwa Redio, nikacheka. Mara ya pili kwenye simu, peke yangu, na sikucheka hata kidogo. Nilimwona daktari yule mjinga. Nilisema kwa sauti, chumbani: kwa nini hasemi?

Sasa najua kwa nini hasemi.

Filamu ya mwisho ni ya Jumamosi iliyopita. Ya Kichina, mashujaa wawili wa upanga wanagombea farasi. Mapigano ni mazuri, hadithi hakuna. Kabla haijaanza nilikuwa nakula wali na Redio kwa mama ntilie.

"Karani," akasema, "filamu ya leo haina kichwa wala miguu. Wewe unakaa na wakubwa. Nipe chumvi ya kuitilia."

Hakuna anayeniombaga kitu. Ofisini mimi ni wa kuleta faili na kufunga madirisha. Nikataka, kwa dakika moja tu, kuwa mtu anayejua jambo.

Ijumaa nilikuwa nimechapa hukumu. Mama Leokadia, mjane wa Mabawe, alimpa Mzee Masanja ng'ombe wake amchungie. Masharti yao yalikuwa yale ya siku zote: mchungaji anakamua maziwa, ndama wa pili anakuwa wake, wengine ni wa mwenye mali. Ndama wa tatu sasa ni mtamba mzuri, na Mzee Masanja anasema ni wake. Mahakama iliamuru mtamba akae palepale kwa mzee, asihamishwe, mpaka hukumu isomwe. Itasomwa kesho, Alhamisi.

Nikamwambia Redio kwamba mtamba anarudi kwa mjane. Sikutaja jina la mtu. Nilijiona mwangalifu.

Katikati ya filamu, shujaa mwenye upara akamshika farasi hatamu. Redio akavuta maiki. "Shika tu, mzee wa Mabawe. Shika sana. Alhamisi karatasi inasomwa, na imeshachapwa: mtamba anarudi kwa mama."

Banda zima likacheka. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Umetoa wapi?" Redio akajibu, "Mimi ni Redio, nina mawimbi yangu."

Kulwa, mtoto wa Mzee Masanja, alikuwa benchi la mbele yangu. Hakucheka. Alisimama, akatoka, na pikipiki yake ikawaka kabla shujaa hajaanguka.

Leo saa nane Mama Leokadia amefika ofisini kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtamba haonekani tangu jana. Watoto wa malishoni wanasema Kulwa amemswaga njia ya Biharamulo, kwenye mnada. Mnada ni kesho."

Nikampa kiti. Hakukaa.

"Miezi yote hii hawakumgusa," akasema. "Kwa nini wamtoroshe jana, hukumu haijasomwa? Nani amewaambia watashindwa?"

"Sijui, mama."

Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemhurumia kijana kwa kazi nyingi. Akaniomba nimfikishie Mheshimiwa ujumbe wake. Mheshimiwa Hakimu leo yuko kituo chake kingine, anarudi kesho saa tatu. Nikasema nitamfikishia. Mama akashukuru, na hiyo shukrani ndiyo iliyonifanya nifunge mlango na kukaa chini sakafuni.

Nikingoja saa tatu ya kesho, mtamba atakuwa ameuzwa, na hukumu nitakayompa mama nakala yake itakuwa karatasi tu. Nikipiga simu sasa na kusema ametoroshwa, swali la kwanza litakuwa lile la mama. Ninaweza kusema tena sijui. Redio hatanitaja, ni mtu mzuri. Nimeligeuza hili kila upande tangu saa nane, na kila upande naona jibu langu kwa yule mama.

Nimepiga.

Naandika haya baada ya simu, saa kumi na moja kasoro. Nilisema yote bila kupumzika, kuanzia wali. Mheshimiwa hakunikatiza.

"Alama za mtamba," akasema.

Nazijua kwa moyo, nilizichapa mimi. Mwekundu, doa jeupe bega la kushoto, sikio la kulia limekatwa ncha.

"Rudia polepole, naandika. Nampigia mkuu wa kituo cha polisi sasa hivi, wawahi njiani." Kisha, kwa sauti ileile: "Funga ofisi. Kesho uje saa moja, uje na barua yako."

Sikuuliza barua ya nini. Ya kujieleza, au ya kuacha kazi?

Nimechukua karatasi mbili.