Maji Yamepita kwa Shangazi

Jumanne alasiri, Lewisham. Manyunyu tangu asubuhi. Nimerudi kazini, nimeketi kitandani na yunifomu, viatu sijavua, simu mkononi.

Kwetu ni mbugani, Kajiado. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Vijito viwili huuletea maji: cha Chumvi kinatoka mashariki, cha Mawe kinashuka kutoka vilimani, vinakutana chini kidogo ya nyumba ya Mama. Mvua ikinyesha vilimani, sisi wa chini hatuoni hata wingu, kisha maji yanatufikia kwa kishindo. Ndiyo maana wa juu huwapigia simu wa chini: maji yamepita hapa, jihadharini.

Shangazi anakaa juu, Mama anakaa chini, na hawasemezani tangu wagombane kwa sababu ya beberu. Watu wazima hawa, jamani! Basi Shangazi hunipigia mimi London, mimi nampigia Mama. Tumeshazoea, hata huwa nacheka.

Leo Shangazi alinipigia nikimlisha mzee mmoja supu. Nikatoka koridoni, nikampigia Mama. Nilijiona nimefanya la maana.

"Hapa jua linawaka," Mama akasema. "Lakini mbuzi wangu wako ng'ambo. Wacha nikawavushe kabla maji hayajafika."

Nikamsihi asiende. Alikuwa ameshakata.

Nikapiga tena na tena. Hapatikani.

Nikiwa njiani kurudi, kaka yangu Saruni akapiga. Amesimama ukingoni, upande wa nyumbani. Anamwona Mama ng'ambo, kwenye ule ulimi wa ardhi kati ya vijito viwili, yeye na mbuzi wake, na vijito vyote vimefurika. Mama anapunga leso. Pale ni bondeni kabisa, na maji bado yanapanda. Giza linaingia, hakuna anayethubutu kuvuka, na Saruni ananiuliza mimi afanye nini.

Mimi! Nilikuwa nyuma ya stesheni, hapo mito miwili ya huku inapokutana ndani ya kuta za saruji, imetulia tuli. Nikalia mbele za watu.

Nimemkasirikia Shangazi, nimemkasirikia Mama na mbuzi wake. Haisaidii.

Nyumba ya Mama iko juu ya ukingo, maji hayajawahi kuifikia. Nisingempigia simu, saa hizi angekuwa jikoni kwake anakunywa chai.